Blanketi la Bibi Nililolipora Kichwani kwa Shangazi

Nilimpora shangazi wa watu blanketi kichwani. Jambo hili naliandika mwenyewe kabla hujalisikia kwa kaka yangu Filbert, maana Filbert akilisimulia anaongeza chumvi mpaka unakuta mimi nimepora na ng'ombe. Huyo shangazi alikuwa mgeni wangu, mama mtu mzima, kitenge kipya, sweta jekundu, ametoka Makambako na ndugu zake kuja kwangu Mjimwema, Njombe, kuleta mahari ya binti yangu Yusta, wanaingia getini taratibu wanaimba wimbo wa kanisani kwa sauti nne, naye yuko mbele kabisa kama inavyotakiwa, kichwani amebeba blanketi la bibi, lile zito lenye picha ya chui, limekunjwa vizuri na kufungwa utepe, na mimi baba wa binti, ambaye saa hiyo nilitakiwa niwe sebuleni nimetulia kama picha ya ukutani, nikatokea nyuma ya nyumba nikikimbia, aproni kifuani, sharubu upande mmoja zinatoa moshi, nikanyoosha mkono, nikalinyakua lile blanketi, nikageuka nikakimbia nalo.

Wimbo ulikatika. (Besi ndio waliochelewa kunyamaza, walikuwa wamefumba macho.)

Kwa asiyejua mambo yetu nimweleze kidogo. Siku ya mahari baba wa binti hagusi kitu. Hasemi kitu. Anakaa, anaangalia chini, kuna mtu wa kusema kwa niaba yake, na wageni nao wana mshenga wao. Mali ikija inabishiwa hodi, inafunguliwa mlango, inaoneshwa moja moja, na blanketi la bibi ndilo linalotangulia, maana huyo bibi ndiye aliyembeba mama au baba wa binti mgongoni kwenye baridi hii. Bila blanketi hata uje na zizi zima utaulizwa, bibi mmemwachia nini? Sasa wewe fikiria baba mtu anatoka mbio kulipora kabla hata hodi haijapigwa. Mpaka leo nikipita sokoni Makambako wapo wanaoniita Baba Blanketi. Naitika. Ningefanyaje?

Lakini mimi sikuamka siku hiyo nikasema leo nitapora. Nilifikishwa pale, na walionifikisha wana majina, nitawataja.

Kwanza mimi ni nani. Mimi ni mpishi. Shule niliishia darasa la nne kwa sababu baba yetu alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, na huyo mmoja akawa Filbert, ndiyo maana leo yeye anavaa suti na mimi navaa aproni. Nimepika kwenye kambi za mbao miaka mingi, ugali wa wanaume wenye misumeno, na nimenusurika mengi huko: nimenusurika mti wa paini ulioangukia jiko nikiwa nimetoka kuchota maji, nimenusurika lori lililokatika breki, nimenusurika mwenye kambi aliyeondoka kimya akatuacha na magogo. Mke wangu alipofariki nikarudi mjini Njombe kwa mama yangu, nikamlea Yusta kwa kupikia watu shughuli. Kipaimara, msiba, harusi, mimi ndiye unayeniona nyuma ya moshi. Wali wangu hauna mgogoro. Hilo hata Filbert halikatai, anachokataa ni watu kujua kwamba mpishi ni mdogo wake.

Nina ng'ombe wawili wa maziwa bandani, na chini ya banda kuna mtambo wa gesi ya kinyesi. Unakoroga samadi na maji, unamimina shimoni, shimo linafanya kazi yake polepole, na gesi inakuja kwa bomba mpaka kwenye kibanda changu cha kupikia. Wakati unajengwa watu walicheka sana mtaa mzima. Filbert ndiye aliyetangaza kwamba hawezi kunywa chai iliyochemshwa kwa mavi (alikunywa, na kikombe cha pili akaomba mwenyewe).

Shida ilikuwa jiko. Jiko langu ni lile kubwa la chuma la kupikia shughuli, na lilizaliwa kwa gesi ya mtungi. Nilipolifunga kwenye gesi ya ng'ombe moto ukatoka kama jicho la panya, unachemsha maji ya chai mpaka mgeni anaaga. Filbert akasema kule Makambako anamfahamu fundi, fundi wa uhakika, Fundi Tweve, amemfungia majiko kila mtu wa maana. Basi nikalipakia jiko kwenye gari la viazi nikalipeleka Makambako.

Tweve akalipindua jiko, akalichungulia, akacheka. Akaniambia gesi ya mtungi inakuja kwa nguvu kwa hiyo imewekewa kitundu kidogo cha shaba, kadogo kama tobo la sindano, na gesi ya ng'ombe ni mnyonge, inataka tundu pana ndipo ipite ya kutosha. Akachukua keekee akavitoboa vile vitundu vyote vikawa vipana, akachezea na pale hewa inapoingilia, akafunga. Hapo sina ugomvi naye. Kazi ilikuwa nzuri, nilirudi Mjimwema nikawasha, moto ukasimama wa bluu, wali ukaiva mpaka nikamwita mama aje aone. Ugomvi wangu ni neno moja alilolisema wakati ananisaidia kulipakia, na Filbert alikuwepo, ameegemea gari:

"Mzee, sasa jiko lako halichagui. La ng'ombe litakula, la mtungi litakula."

Mimi nikalisikia nikaliacha, sina mtungi wa kulilisha. Filbert akalisikia akaliweka akiba.

Sasa tabia ya gesi ya ng'ombe ni hii, shika hapa maana ndipo msiba wangu ulipo. Haina haraka. Unafungua koki mpaka mwisho, unaipa nafasi ivute pumzi, unasogeza kiberiti, halafu unainama. Lazima uinamie, kwa sababu moto wake mchana hauonekani vizuri, unatega sikio na kuleta uso karibu, ukisikia inapumua chini ya sufuria ndipo unajua imeshika. Nilikuwa nimeshainama hivyo asubuhi na jioni mpaka mwili umezoea wenyewe, kama mtu anavyoinama kuingia kwenye nyumba yenye mlango mfupi.

Siku ya mahari ikaangukia mwezi wa saba. Baridi ya mwezi wa saba Njombe hunisimulii, asubuhi majani ni meupe, upepo ule ukitokea upande wa Kitulo unapita kwenye sweta kama sweta ni wavu. Na shimo la gesi nalo lina damu kama mtu, likipata baridi linalala. Moto ulikuwepo, ila wa kuombaomba. Mimi sikujali, nilipanga kwamba kina mama wa jumuiya wapike nyama na viazi nje kwa kuni za mabanzi, na kwenye jiko niweke sufuria moja tu, wali wa wakwe, kwa moto ule ule mdogo, uende taratibu. Nikaubandika mwenyewe alfajiri, nikaufunika, nikaenda kuoga.

Filbert akafika na gari lake kutoka Makambako, suti ya kijivu, viatu vinang'aa mpaka ng'ombe wakageuka kuangalia. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia siku hiyo, kaka mkubwa, na msomi. Kitu cha kwanza akanivuta pembeni.

"Baba Yusta, leo wewe ni baba, siyo mpishi. Wakwe wasikukute na mwiko. Ukae ndani, jikoni nitapaangalia mimi."

Nikamwambia gesi iko chini, asiguse sufuria la wali. Akasema nisijali. Nikavaa koti, nikakaa sebuleni kwenye kochi. Mama yangu alikuwa pembeni na shali lake anasinzia, Yusta yuko chumbani amefichwa na shangazi zake wadogo, chumba chenye dirisha linalotazama kibanda cha kupikia. Tukasubiri.

Alichokifanya Filbert nje sikukiona, nilikijua baadaye kwa macho, kwa kovu na kwa kuunganisha maneno ya watu. Alikuwa amekuja na mtungi wa gesi kwenye buti, wa nyumbani kwake, akaona moto wangu wa kuombaomba utamwaibisha mbele ya watu wa Makambako anaoonana nao mjini kila siku, akazunguka nyuma ya ukuta wa kibanda, akafunga koki za jiko, akauchomoa mpira kwenye bomba la ng'ombe akauchomeka kwenye mtungi, akaufungua mtungi. Alikuwa amesikia halichagui! Kabla hajaingia kuwasha akapigiwa simu kwamba wageni wako njia panda hawajui pa kukunjia, akatoka kuwapokea. Hakumwambia mtu. Kina mama wakaona jiko limezimika wakaogopa kuligusa, wakasema mwenyewe mkali.

Mimi huko ndani nikawa nanusa. Wali unaoiva una harufu yake, na wali uliokatikiwa moto katikati una harufu nyingine, kama nguo iliyokaukia ndani ya nyumba. Nikavumilia. Nikahesabu maua ya pazia. Nikajiambia baba hatoki, baba hatoki. Kwa mbali nikaanza kuwasikia wageni wanaimba, nikafikiria mshenga wao anafunua sahani na kukuta mchele, na aliyeupika ni mimi, siku ya binti yangu mwenyewe. Nikamwambia mama naenda haja ndogo mara moja. Hako ndiko kauamuzi kangu, ni hako tu, ningebaki kwenye kochi leo ningekuwa na sharubu zilizolingana.

Nikapitia mlango wa nyuma, nikavua koti nikavaa aproni (mazoea), nikalikuta jiko limepoa. Nikasema masikini, gesi imelala kabisa. Nikafungua koki mpaka mwisho. Nikaipa nafasi ivute pumzi, na kwa sababu ya baridi nikaiongezea nafasi. Nikawasha kiberiti. Nikainama.

Sitaki kudanganya kwamba nilisikia mlio. Nilichokisikia ni kama mtu mkubwa amenipuliza usoni, halafu dunia ikawa ya rangi ya chungwa. Kumbe tundu lililopanuliwa kwa ajili ya gesi mnyonge lilikuwa linamwaga gesi ya mtungi kwa nguvu zake zote. Moto ukapanda juu ukalishika turubai la paa, turubai likaanza kudondoka matone ya moto, matone yakaangukia mabanzi makavu niliyoyapanga ukutani, na ukuta ule ndio uliopakana na dirisha la Yusta. Sharubu za kushoto zilikuwa zimeshaenda. Nyusi pia.

Pale kambini tulifundishwa jambo moja, moto wa jikoni usiupigie kelele, ufunike kwa kitu kizito kilicholowa. Pipa la maji lilikuwepo. Ndoo hakuna hata moja, zote zimepelekwa mbele kunawishia wageni mikono. Gunia hakuna. Nikatoka mbio natafuta kitu kizito, nikapinda kona ya nyumba, na kitu kizito kikawa kinanijia chenyewe, kinaimba, kiko kichwani kwa shangazi.

Mengine umeshayajua.

Nililizamisha blanketi lote kwenye pipa, na utepe wake, likawa zito kama ndama. Nikaupiga moto wa mabanzi mpaka ukalala, nikalivuta turubai chini nikalikanyaga, nikaliinua tena blanketi nikalitupia juu ya jiko, nikafunga koki, halafu nikashika mpira kwa mkono nikaufuata, maana nilijua ng'ombe wangu wawili hawana ugomvi na mimi wa kiasi kile. Mpira ukanipeleka nyuma ya ukuta. Na hapo nikaukuta mtungi umekaa kama bibi harusi, umevalishwa kitambaa cha kufuma, cha njano na kijani, chenye maua pembeni. Nikaufunga.

Nilipogeuka uwanja mzima ulikuwa umejaa nyuma ya nyumba. Wageni wote na mizigo yao, kina mama wa jumuiya na miiko yao, majirani ambao hawakualikwa, Filbert na suti yake. Mbele yao akasimama Mzee Chaula, mshenga wa wakwe, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, ambaye kusema kweli alikuwa na haki ya kukasirika kwa jinsi alivyoona. Akasema wao wamekuja kwa heshima, hawajapiga hodi, na baba wa binti amewavamia njiani na kugusa mali kabla ya mlango. Akasema kwa desturi hapo kuna mbuzi wa faini, na mbuzi asipotoka, mali inarudi Makambako na maneno yanaanza upya. Halafu akanitazama, aproni, uso mweusi, sharubu za upande mmoja.

"Na huyu ndiye kijana wetu aje amwite baba?"

Dirishani nikamwona Yusta, ameziba mdomo kwa kanga, macho yake yako kwangu. Mali ikirudi njiani haiji tena kirahisi, kila mtu pale alilijua hilo. Mtu anaweza kuwa binti mzuri, amesali, amesoma, halafu akaachwa kwa sababu baba yake alipora. Nikamtazama Filbert. Nikasema sasa kaka ndiye msemaji, kaka ataeleza, kaka anajua mtungi ni wa nani.

Filbert akakohoa. Akawaomba wakwe wamsamehe mdogo wake, amekulia kambini, alimwambia akae ndani lakini ana tamaa ya kuchungulia masufuria. "Na hilo jiko lake la mavi," akasema, "nilishamwonya."

Ndugu zangu, moto haukuniunguza kama lile neno.

Baba haongei siku ya mahari. Lakini baba pia hana sharubu nusu siku ya mahari, desturi ilikuwa imeshachanika, nikaona niipitie palepale palipochanika. Nikawasalimu kwa kwetu, kamwene wakwe, nikawaambia mimi sina maneno mengi, hizi kelele zinatupotezea muda, njooni huku nyuma ya ukuta muone. Nikawazungusha ukuta wote kama mtu anayeonesha shamba. Nikawaonesha bomba la ng'ombe limeachwa wazi halina mpira. Nikawaonesha mpira ulipo. Sikumtaja mtu, nilitaka nione nani atajitaja.

Hakujitaja. Ila mama yangu alikuwa amefika na fimbo yake, anapasua watu, akausogelea mtungi, akashika ncha ya kile kitambaa, akakigeuza ndani nje kama anakinunua.

"Hiki si cha mke wa Filbert? Mbona cha kwangu aliniahidi tangu kipaimara cha Joshua wao na sijakiona?"

Walianza kucheka kina mama wa jumuiya, kwa sababu mke wa Filbert anafuma vile vitambaa kwa kila kitu, redio ina chake, friji ina chake, na rangi zake ni hizo hizo. Filbert akatoa simu mfukoni akaanza kuisikiliza. Simu haikuwa imelia.

Mzee Chaula hakucheka. Akasema sawa, mtungi ni wa nani hayo ni ya ukoo wenu, ila blanketi limeporwa, na hilo wameliona. Hapo ndipo yule shangazi aliposogea mbele. Eliza anaitwa, shangazi yake kijana anayemwoa Yusta, na mimi nilikuwa naogopa kumwangalia.

"Mzee, aliyeporwa ni mimi. Kichwa kilichoporwa ni changu. Wa kudai mbuzi ni mimi, na mimi sidai." Akagusa ukuta pale mabanzi yalipoungua chini ya dirisha. "Mlitaka asimame apige hodi, binti yetu akiwa humu?"

Alisema binti yetu. Nilisikia vizuri, na Yusta dirishani alisikia, maana kanga ilishuka mdomoni.

Halafu shangazi akanigeukia mimi. "Ila mkwe, siku nyingine ukitaka kitu kichwani kwangu, sema nipunguze mwendo."

Hapo hata Mzee Chaula alishindwa, kofia ikaanza kutikisika, nikajua tumepona. Watu walicheka mpaka ng'ombe wakaitikia. Mbuzi akasamehewa. Hodi ikapigwa, mlango ukafunguliwa kwa utaratibu wake kama vile hakuna kilichotokea, na walipofika kwenye kipengele cha blanketi la bibi wakakwama, kwa sababu blanketi lenyewe lilikuwa juu ya jiko, limetoboka katikati, chui amebaki mkia na masikio. Mmoja wa wakwe akasema kwa aibu kwamba wao blanketi walileta, mashahidi wapo. Mama yangu akamkubalia, akasema kweli mlileta na limefanya kazi, limeifunika nyumba. "Sasa leteni la kulalia, mimi bado nasikia baridi."

Mzee Chaula akamtuma mtu wa bodaboda mjini, likaja blanketi jingine, zito kuliko la kwanza, na Shangazi Eliza akalibeba tena kichwani kutoka getini, wimbo ukaanza tena, sauti nne, na safari hii besi walifungua macho. Alipopita mbele yangu alilishika kwa mikono miwili. Uwanja ulivunjika mbavu.

Na wali? Nilirudisha mpira kwenye bomba la ng'ombe, mbele ya watu wote, mchana kweupe, aproni yangu kifuani, nikaikung'uta ile sufuria majivu ya turubai kwenye mfuniko (mfuniko ulisimama imara, chuma cha zamani), nikawasha. Ule moto mdogo wa kuombaomba ndio hasa wali uliokuwa unautaka. Ukajikausha taratibu, ukatoa ukoko wa rangi ya asali. Mzee Chaula alikula akaomba ukoko, akaomba tena, akauliza aliyepika ni nani. Filbert alifungua mdomo, mimi nikamwahi, nikasema ni mimi baba wa binti. Mzee akanitazama zile sharubu muda mrefu, akasema basi harusi ya Makambako mpishi amepatikana. Baba wa bibi harusi kupika harusi ya binti yake, nani alishawahi kusikia? Yusta alisikia, na alitoka chumbani kabla ya kuitwa akaja kunishika mkono wenye masizi, mbele ya wakwe, gauni lake jeupe likaingia alama ya vidole vitano. Hajalifua.

Kwa hiyo msinionee huruma. Nilitoka sebuleni nikiwa picha ya ukutani, nikarudi nikiwa mtu. Mama ana mablanketi mawili: jipya analala nalo, na la chui lililotoboka limetundikwa kibandani karibu na pipa, haruhusu mtu alitupe, akija mgeni analionesha kwanza hilo. Jiko nalo nimelitafutia dawa, fundi wa hapa mjini ameweka mlango wake wa gesi ukubwa wa bomba la ng'ombe peke yake, hata uje na mtungi wa aina gani hauingii. Jiko moja, gesi moja. Na mimi nimejiwekea nadhiri, siinamii tena jiko lolote, hata la kwangu, kabla sijaushika mpira kwa mkono nikaufuata mpaka unapoanzia.

Fundi Tweve nilimpigia simu. Akaniambia mzee, mbona uliwasha kama unawasha kuni. Fundi, mimi niliwasha kama gesi ya ng'ombe inavyotaka. Wewe ndiye uliyesema halichagui. Kuna watu wengine uliowatobolea majiko na ukawaambia hivyo hivyo, na wao hawana shangazi anayepita na blanketi. Wapigie wewe, kabla sijaanza kuwatafuta mimi.

Na Filbert. Kitambaa kilishasema, lakini wewe hujasema, mpaka leo ukiulizwa unasema siku ile palikuwa na hitilafu. Hitilafu haina mke anayefuma. Harusi inakuja, iko Makambako, na nimesikia umeomba uwe msemaji wa familia tena. Sikukatazi. Sitaki mbuzi, sitaki mtungi, hata sharubu zimeota. Nataka siku hiyo ukishashika maikrofoni, kabla hujasema itifaki imezingatiwa, uwaambie wale wale wakwe nani aliuhamisha mpira, na kwa nini aliponiona naungua alisema nina tamaa.

Mimi nitakuwa nyuma ya ukumbi na mwiko wangu. Sikio moja litakuwa kwenye jiko. La pili nitakuwa nimekutegea wewe.